Kisu cha mvuvi kinachong'aa gizani: vibao vya mpingo, epoksi, na kazi iliyobidi irudiwe

Hiki kisa ni cha kweli, kimetokea kwenye karakana yangu. Mwenye kisu nimemuomba ruhusa akakubali, ila jina lake, kijiji chake na jina la chombo chake nimevitoa. Nimekiandika kirefu kwa sababu watu wananiuliza sana jinsi ya kuweka rezini inayong'aa kwenye mpini wa kisu, yaani epoksi, ile gundi ya maji ya chupa mbili inayoganda ikawa ngumu, iliyochanganywa na unga unaowaka gizani, na wengi wanadhani kazi yote ni unga. Unga ni sehemu tu. Hapa nilikosea mara ya kwanza na mteja akarudi na kisu mkononi, kwa hiyo nitaeleza yote mawili, nilivyokosea na nilivyorekebisha.

Kisa kilivyoanza

Mteja ni mzee wa makamo, mvuvi wa dagaa, anatoka usiku wakati wa giza, yaani zile siku ambazo mwezi haupo au unachelewa kutoka, manake dagaa wanavutwa kwa taa na mwezi ukiwa mkubwa taa haina nguvu. Zamani walitumia karabai, siku hizi wengi wana taa za LED za betri. Kisu chake ni cha kukunja, cha kawaida tu, anakatia kamba, anakatia nyavu zikinasa, anamenyea hata machungwa. Alishapoteza viwili ndani ya mwaka mmoja. Havikudondoka baharini, vilipotea humo humo ndani ya chombo, kwenye maji ya ngama chini ya mbao katikati ya kamba na ndoo, na kimoja alikikanyaga kikiwa wazi. Alinionyesha kovu kwenye unyayo.

Hicho cha tatu kilikuwa na vibao vya plastiki, kimoja kimepasuka. Kwa asiyejua, vibao ni zile pande mbili za mpini, za kulia na kushoto, zinazoshikwa na skurubu juu ya sahani za chuma. Ukifungua skurubu tatu unabaki na kibao bapa mkononi, unakifanyia kazi mezani bila kugusa bamba la kisu wala sehemu ya kukunjia. Hilo ni jambo la heri sana, kama kisu chako kimegandishwa kwa riveti kazi inakuwa ngumu mara mbili.

Akaniambia, "Fundi, nataka nikikidondosha nikione, na nikikishika nijue makali yanatokea upande gani." Hayo maneno ya mwisho ndio yaliyonipa muundo. Tukakubaliana kila upande uwe na mstari mmoja mrefu kufuata mgongo wa mpini, na nukta tatu karibu na pale bamba linapotokea. Ukiona nukta umejua kichwa kiko wapi, ukiona mstari umejua mgongo uko wapi, basi makali yako upande wa pili. Vibao vipya nikaamua nichonge kwa mpingo, mabaki niliyopata kwa wachongaji wa Mwenge, Dar es Salaam, nikavifanya vya unene wa milimita 4.

Kwa nini mpingo? Ni mgumu, mzito kiasi kwamba unazama majini, hautanuki ovyo ukilowa, ndio mti wanaotengenezea klarineti na oboe, ala za muziki za kupuliza, huko Ulaya. Na mwanga wa kijani juu ya weusi ule unapendeza mno. Sababu zote hizo ni za kweli na bado nazisimamia, lakini mpingo una mafuta, na hapo ndipo nilipojikwaa.

Raundi ya kwanza

Nilichonga mfereji wa upana wa milimita 3 na kina cha milimita 2 kwa dreli ndogo ya mkono, biti niliyonayo ilikuwa imechoka kidogo, nikaona inatoa moshi na harufu ile tamu ya mpingo ukiungua, nikaendelea kwa sababu mstari ulikuwa unanyooka vizuri. Nikapangusa vumbi kwa brashi. Sikufanya kitu kingine.

Unga nilinunua dukani wanapouza vitu vya kucha, ule wanaochanganya kwenye rangi za kucha. Ulikuwa wa kijani, nikaumulika na tochi ya UV, ile ya kukagulia noti, nikazima taa, ukawaka vizuri, nikaridhika. Niliujaribu kwa dakika moja tu.

Epoksi ilikuwa ya mchanganyo wa 2 kwa 1, maelezo yanasema una dakika 30 za kufanya kazi kwenye joto la digrii 25. Siku hiyo karakana ilikuwa digrii 32. Kanuni ya mafundi ni kwamba joto likipanda digrii 10 muda unakatika karibu nusu, kwa hiyo mimi nilikuwa na dakika kama 18 hivi, na sikuzihesabu. Nikachanganya, nikaweka unga, nikamwaga kibao cha kwanza vizuri, nilipofika cha pili ilishaanza kuwa nzito kama asali, viputo vikabaki humo ndani. Nikavipitishia moto wa kiberiti cha gesi vikapasuka vya juu, vya chini vikabaki.

Kesho yake nikapiga msasa namba 120, 240, 400, mpaka 800, nikakifunga kisu, kikapendeza kweli. Mzee akaja, nikamwamkia, akapokea, akakigeuza geuza, akalipa, akaondoka na furaha.

Akarudi baada ya giza moja, kama wiki tatu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Fundi, taa yako inazima mapema kuliko mimi."

Alisema kikiwaka kinawaka, lakini ikifika saa tano usiku hakuna kitu. Alafu akanionyesha mstari wa upande wa kushoto, ncha moja imenyanyuka kidogo, pembeni yake kuna weupe wa chumvi. Nikaingiza ukucha. Mstari mzima ukatoka kama ulivyo, mrefu kama njiti ya kiberiti na nusu, nikaupindua. Chini yake ulikuwa unameremeta kama kioo, haukuwa na chembe hata moja ya mti. Rezini haikuwa imeshika kitu, ilikuwa imelala tu ndani ya mfereji. Nilikaa nao mkononi muda mrefu huo mstari, manake ulikuwa unanieleza kosa lote.

Maamuzi niliyofanya, na sababu zake

Jambo la kwanza nilimwambia mzee kazi inarudiwa bila malipo, na nikamwomba anipe siku kumi, kwa kuwa mwezi ulikuwa unakua na asingetoka. Nikaamua vibao nichonge upya vyote viwili badala ya kuchokoa vya zamani, manake mfereji ulioshaungua ukiuchimba tena unakuwa mpana na unakaribia tundu la skurubu.

Unga nikabadilisha. Hapa inabidi nieleze kidogo. Kuna aina mbili kubwa za unga sokoni. Wa zamani ni zinki salfaidi yenye shaba kidogo, ndio uliokuwa kwenye midoli na stika za nyota za dari, unawaka haraka na unakufa ndani ya saa moja au pungufu. Wa pili ni strontiamu aluminati yenye europiamu na disprosiamu kidogo (metali adimu), kampuni ya Nemoto ya Japani ndio iliyoutoa mwaka 1993, na mwanga wake ni mkali zaidi mara nyingi na unaendelea kwa masaa. Kwa macho huwezi kuutofautisha ukiwa mchana, zote ni unga mweupe wenye ukijani. Unatofautisha kwa saa. Uchaji, uweke kabatini, rudi baada ya saa moja, alafu saa tatu. Ule wa kucha nilipoufanyia hivyo haukufika hata saa moja. Ule mpya ulioagizwa, baada ya masaa manne bado niliona mchoro wa nukta zote tatu.

Mzee aliposikia jina strontiamu akauliza kama ina mionzi. Swali zuri na ana haki ya kuuliza, kitu anakaa nacho mfukoni kila siku. Nikamweleza kwamba zamani saa za mkono zilipakwa radiamu, madini yenye mionzi yaliyogunduliwa mwaka 1898, na wasichana waliokuwa wanazipaka huko Marekani walikuwa wanachongoa brashi kwa midomo, wakaugua vibaya na wengine wakafa. Huu si huo. Huu hauna mionzi, unanyonya mwanga na kuurudisha taratibu, usipoupa mwanga hauwaki. Hatari yake ni vumbi tu, usilivute.

Mfereji nikauchonga kwa biti mpya, kasi ndogo, nikipumzika kila mara ili usiungue. Alafu nikachukua biti ya kichwa cha duara nikapanua chini kidogo, mfereji ukawa mpana chini kuliko juu, kama vile mdomo wa chungu. Rezini ikishakauka humo hata ikiachia haina pa kutokea. Na sakafu ya mfereji nikaichanachana kwa ncha ya sindano, mistari ya kukingamana.

Kisha mafuta. Nilifuta mfereji kwa asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, na pamba za masikio. Pamba ya kwanza ilitoka na rangi ya zambarau iliyoiva kama juisi ya zambarau yenyewe, ya pili hivyo hivyo, ya tano ikaanza kupauka, nikaacha kwenye ya nane ilipotoka karibu nyeupe. Ndipo nikajua ni kiasi gani cha mafuta nilichomwagia epoksi juu yake mara ya kwanza. Asetoni inakauka haraka, lakini mafuta ya mpingo yanapanda tena polepole kutoka ndani, kwa hiyo nilimwaga ndani ya nusu saa, sikuacha mpaka kesho.

Sakafu nyeupe ndio uamuzi ninaoupenda kuliko yote. Unga unawaka kila upande, juu na chini. Mwanga unaoshuka chini ukikutana na mpingo mweusi unamezwa, umekwisha. Ukiweka sakafu nyeupe unarudishwa juu. Watu wengi wanapaka rangi nyeupe ya kawaida, mimi sikutaka kwa sababu rangi ni tabaka jingine linaloweza kuachia. Nilichanganya epoksi na pigmenti nyeupe ya titani, yaani unga wa rangi, nikaweka nyembamba sana, kama nusu milimita, nikasubiri ianze kunata. Unagusa kwa kijiti, kinanata lakini hakitoki na kitu. Hapo hapo ndio unamwaga tabaka la kung'aa, yanashikana kikemia yanakuwa kitu kimoja. Ukisubiri ikauke kabisa inabidi uipige msasa kwanza.

Kuhusu kiasi: gramu 3 za unga kwa gramu 10 za epoksi iliyokwishachanganywa. Ukizidisha sana inakuwa uji, viputo havitoki. Epoksi nilipima kwa mzani mdogo wa sonara, nikifuata uwiano wa uzito ulioandikwa kwenye chupa, manake uwiano wa ujazo na wa uzito si sawa na watu wengi wanaharibu hapo, inabaki inanata mpaka wanakufa. Nilichanganya kwa kijiti cha mti. Huu unga ni mgumu, ukiukoroga kwa chuma unakwangua chuma na mchanganyiko unaingia ukijivu. Na nilifanya saa kumi na mbili asubuhi, digrii 26, chupa zote zikiwa zimekaa ndani usiku kucha, kibao kimoja kwanza, cha pili nikachanganya upya.

Glavu na barakoa muda wote. Vumbi la mpingo linawasha ngozi na kifua, kuna mafundi wanavimba macho, na epoksi mbichi ngozi ikishaikataa inaikataa maisha yako yote.

Matokeo

Kabla ya kuvifunga nilitengeneza vipande vya majaribio kutoka mabaki yale yale, kimoja chenye sakafu nyeupe na kimoja bila. Nikavichaji pamoja, muda ule ule, taa ile ile. Kila nilipochungulia kabatini, nusu saa, saa mbili, saa nne, chenye sakafu nyeupe kilikuwa mbele waziwazi. Nilimwita jirani yangu fundi seremala aangalie bila kumwambia kipi ni kipi, akaonyesha kile kile.

Sasa ni mwezi wa tano tangu mzee aanze kukitumia. Mistari haijanyanyuka. Kisu hakijapotea. Skurubu mbili zimeanza kutu, nilipaswa kumbadilishia za chuma kisichoshika kutu, hilo sikuliwaza kabisa. Na nukta moja ya upande wa kulia imemeguka ukingoni, alikigonga kwenye ubavu wa chombo.

Kilichonishangaza ni alichoniambia kuhusu mwanga. Usiku wa manane, wakiwa wamewasha taa za dagaa, anasema haoni kinang'aa kabisa, anadhani kimekufa. Wakizima taa kuvuta nyavu, baada ya muda kidogo kinaonekana vizuri.

Uchambuzi

Nianze na hilo la taa, maana nililifikiria wiki nzima. Jicho la binadamu linahitaji dakika 20 mpaka 30 gizani ili lizoee kikamilifu. Mimi nilipokuwa nachungulia kabatini usiku nilikuwa nimekaa gizani, macho yangu yameshafunguka, ndio maana niliona mwanga wa saa nne. Mzee amekaa pembeni ya taa ya LED inayowaka kama jua, macho yake hayajazoea giza, mwanga mdogo hauwezi kushindana. Lakini taa hiyo hiyo ndiyo inayochaji unga upya. Kwa hiyo kwa matumizi yake, uwezo wa kuwaka masaa kumi hauna maana kubwa kama nilivyofikiri. Kinachomfaa ni unga unaochaji haraka na kuwaka sana dakika 10 za mwanzo baada ya taa kuzimwa. Bahati nzuri strontiamu aluminati ya kijani inafanya yote mawili. Lakini kama ningemuuliza mapema anakuwa wapi na taa iko wapi, nisingehangaika kupima saa nne kabatini, ningepima kule kwenye mazingira yake. Nilimwambia tu akiweke juu ya ubao karibu na taa badala ya mfukoni, mfukoni hakichaji, hata unga uwe wa dhahabu.

Kuachia kwa rezini mara ya kwanza kulikuwa na sababu mbili zilizoshirikiana na ni vigumu kusema ipi ilikuwa kubwa. Biti butu iliunguza sakafu ikawa laini kama imepigwa polishi, na mafuta ya mpingo yakakaa juu yake. Kama mti ungekuwa mninga au mkongo pengine ningeponea. Ule umbo la mdomo wa chungu nadhani ndio bima kubwa zaidi, kwa sababu hata mafuta yakija kurudi baada ya miaka, mstari hautoki. Na kutoka si suala la urembo peke yake. Strontiamu aluminati ikikutana na maji inaharibika, ndani ya epoksi iko salama, lakini ufa mdogo ukiingiza maji ya chumvi unga unakufa taratibu kuanzia pembeni.

Kuna kitu kimoja kilifanya kazi vizuri bila mimi kukipanga. Unga una uzito wa kama gramu 3.6 kwa kila mililita na epoksi gramu 1.1, kwa hiyo unazama. Wengi wanalia kuhusu hili. Kwenye mfereji wa milimita 2 kuzama kulinisaidia, unga ulitua karibu na sakafu nyeupe, juu kukabaki utando mwembamba wa rezini safi. Nilipopiga msasa nilikuwa nakata rezini tupu, siyo unga. Kibao kimoja nilikata kupita kiasi nikafika kwenye unga, ukala karatasi mbili za msasa kwa dakika chache, na uso ukawa na ukwaruo ambao hautoki. Kwenye mfereji wa kina kirefu, milimita 5 au 6, kuzama kungekuwa tatizo, ungelazimika kumwaga kwa matabaka.

Nukta kumeguka, hilo kosa ni la muundo. Nilizichonga karibu sana na ukingo wa kibao, milimita 1 na nusu tu ya mti imebaki nje, ili zionekane hata kisu kikilala ubavu. Nia ilikuwa nzuri, lakini kisu cha chomboni kinagongwa. Sasa naacha milimita 3.

Muundo wenyewe wa mstari na nukta ndio ninaojivunia. Mzee anasema siku hizi anakifungua bila kuangalia mara mbili, anaona nukta, anaweka kidole gumba upande wa pili. Vijana wawili wa chombo chake wameomba cha hivyo hivyo. Nimewaambia wasubiri mwezi ukue, wote wakiwa nchi kavu, ili niende mwenyewe jioni moja nikaone taa zao zimefungwa wapi kabla sijachonga chochote, na siku hiyo hiyo nitamjazia mzee ile nukta yake na kumbadilishia skurubu.